Kifafa cha Meneja, Paka wa Mikinduri

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kutibu mifugo, nianze na jambo ambalo chuoni hawakuwaambia kwa kuona haya. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya ng'ombe. Kuanzia Kaaga ninakoishi sasa mpaka kule Tigania, ng'ombe ambao hatukufahamiana kwa njia hiyo ni wachache. Nimestaafu, nimeoga, nimejipaka mafuta, lakini hata leo nikifika kanisani kuna akina mama wanaonisalimu kwa kuinamisha kichwa tu, mikono wameificha ndani ya leso. Siwalaumu. Wengine wao ndio walikuwa wakinishikia mkia.

Kwa hivyo mngetarajia mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote awe ng'ombe. Hapana. Ni paka, tena paka mwenye kifafa, na alipopita mikononi mwangu nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu nistaafu, nikidhani nimeshaona yote.

Zamani paka hakuwa mgonjwa wa mtu huku kwetu. Paka akiumwa alipotea. Akirudi, amepona. Asiporudi, watu walisema amehamia kwa jirani mwenye nyama. Kumpeleka paka kwa daktari ilikuwa kama kumpeleka kuku saluni. Siku hizi mambo ni mengine. Nasikia mjini kuna paka wenye blanketi na tarehe ya kuzaliwa. Lakini mtu aliyenifungulia mlango wa paka hakuwa kijana wa mjini. Alikuwa mzee wa miraa kutoka Mikinduri, jina lake Baariu, mtu mpana, mwenye koti kubwa na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde.

Alikuja ofisini kwangu Meru akiwa amebeba gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na majani ya mgomba, na ndani ya majani kulikuwa na paka, kichwa tu ndicho kilichokuwa nje. Paka wa kijivu, mwenye uso wa mtu anayedai kuonana na mkubwa. Nilimwuliza mzee kwa nini amemfunga majani. Alinishangaa. Miraa yote anayosafirisha huifunga majani ya mgomba ili isinyauke njiani, na jua lilikuwa kali siku hiyo.

"Daktari, hii paka si yangu," alisema kabla hata ya salamu. "Ni ya mama watoto. Mimi nimetumwa tu."

Paka aliitwa Meneja. Kazi yake ilikuwa kulinda stoo, ambamo panya walikuwa wakitafuna kamba za kufungia miraa na kula mahindi ya nyumbani. Mzee alinieleza shida. Meneja huwa amekaa vizuri, mara anakodoa macho ukutani, anaanguka ubavu, anapiga miguu yote minne, mate yanamtoka, anajikojolea. Kisha anatulia, anaamka, anagongana na kiti, na baada ya muda anaulizia chakula. Jirani mmoja alikuwa na kidole kilichofungwa bandeji kwa sababu alijaribu kuzuia ulimi wa paka usimezwe.

Hapo vijana nawasimamisha kidogo. Hakuna paka aliyewahi kumeza ulimi wake. Vidole vya majirani ndivyo vinavyomezwa. Paka akishikwa na kifafa, ondoa kiti, ondoa jiko, funga pazia, nyamazisha redio, angalia saa, na mikono yako kaa nayo. Kifafa huisha chenyewe mara nyingi, na hilo ndilo linaloleta maneno, kwa sababu yeyote aliyekuwa akifanya kitu kilipoisha hujichukulia sifa. Kule kwa Baariu kulikuwa na mtu aliyemwagia Meneja maji, mwingine aliyemnusisha kitunguu, na akina mama wa kanisani waliomwombea. Wote walishuhudia akitulia. Wote walikuwa na ushahidi.

Nilimhoji mzee kwa makini, kama nilivyofundishwa. Paka amegongwa? Hapana. Kuna sumu ya panya nyumbani? Hapana, ndiyo maana wakamwajiri Meneja. Kuna mtu amempaka dawa ya kupe ya ng'ombe? Hili ulizeni kila mara, msichoke kuliuliza. Dawa nyingi za kupe ambazo ng'ombe hata hazimwashi, paka humtetemesha mpaka akafa, na watu wa kwetu wakiona kiroboto mmoja kwa paka wanakimbilia bomba la kunyunyizia ng'ombe. Mzee alisema hapana, ng'ombe wako upande wa juu wa boma na Meneja hawapendi. Anakula nini? Maziwa, omena, ugali, panya. Basi nikampima, nikamtoa damu, sikuona jingine. Nikasema ni kifafa, kile kile wanachopata watu, na dawa yake ni vidonge asubuhi na jioni maisha yake yote.

Mzee hakubishana juu ya saa. Mtu wa miraa haelezwi maana ya saa. Miraa ikichumwa asubuhi, isipofika sokoni Nairobi mapema inakuwa kuni. Aliniambia atampa kidonge wanapoamka kwenda kuchuma, na kingine magari yakishaondoka na wazee wakikaa kwenye besi, pale wanapotafuna na kuzungumza mpaka giza liingie. Nilimwambia pia mambo mawili. Kwanza, dawa isikatwe ghafla hata siku moja, maana kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kibaya kuliko cha mwanzo. Pili, wiki za mwanzo paka atakuwa mlegevu, atayumba, atalala sana, na atakuwa na njaa ya ajabu. Hayo yatapungua. Asiogope.

Hilo la pili nililisema haraka, nikiwa nimeshika mlango, maana nje kulikuwa na mtu na ndama. Msiseme maneno muhimu mkiwa mmeshika mlango.

Kumpa paka kidonge ni elimu inayojitegemea. Mimi nilifundishwa na Daktari Njagi, mzee wa Embu aliyenilea kazini nikiwa msichana na ambaye sasa amestaafu na anakaa mtaa wa Dallas pale Embu mjini. Mikono yake ina makovu mpaka kwenye viwiko, na kila kovu analijua kwa jina la paka. Yeye husema mfunge paka ndani ya taulo mpaka abaki kichwa, mkalishe mapajani akiangalia mbali nawe, fungua mdomo kwa kidole cha kati, tia kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, papasa koo, kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kumfichia dawa ndani ya chakula hakumpendezi. Kuna mama mmoja wa ofisini pale Dallas aliyekuwa akitia kidonge ndani ya kichwa cha samaki na kumwekea paka wake nje ya mlango. Paka wake aliendelea kuanguka kila wiki, na paka wa jirani akawa analala kutwa nzima juu ya gari la watu. Njagi alichukua muda kujua ni nani hasa anayetibiwa.

"Uliza anapewa nini," alikuwa akiniambia. "Halafu uliza ni nani mwingine anampa."

Maneno hayo niliyaweka kichwani kwa heshima zote, nikayasahau vizuri.

Mwezi wa kwanza Meneja alianguka mara chache, tukafurahi. Mwezi wa pili alianguka zaidi. Nikapandisha dozi kidogo. Akatulia siku kadhaa, halafu mambo yakawa mabaya kuliko pale tulipoanzia. Nikapandisha tena. Mzee Baariu alikuwa akinipigia simu kila baada ya tukio, akianza kwa kusema kwamba mama ndiye aliyemwambia apige. Nilimwomba anichukulie video, maana siku hizi video moja ya simu inamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima. Alinitumia nyingi. Katika video ya kwanza niliona kidole gumba chake. Katika ya pili niliona kiatu. Katika ya tatu nilimwona Meneja, lakini alikuwa amekaa tu, akimtazama mzee kwa dharau.

Nilipofika kwao Mikinduri mara ya kwanza, ndipo nilipomjua mama mwenyewe, mama Kathure, mwanamke mwembamba asiyemaliza maneno. Nilimpa pole kwa ugonjwa wa paka wake. Alinitazama, akamtazama mume wake, akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye mzee alipotoka nje aliniambia kwamba yeye paka hajawahi kuwapenda, wanaacha manyoya kwenye viti, na huyu hasa hulala kwenye mto wa baba Kathure. Kidonge cha jioni aliwahi kukijaribu mara chache akakwaruzwa, na tangu hapo mzee mwenyewe ndiye humchukua paka ndani ya koti akaenda naye besi. Wazee wenzake walicheka mpaka wakachoka, kisha wakazoea. Meneja akawa na mahali pake pa kukaa, juu ya kiroba, katikati ya wanaume.

Nilimtazama Meneja siku hiyo na kitu fulani kikanisumbua. Alikuwa amekonda. Paka wa dawa ile hunenepa. Huyu alikuwa amekonda, mboni za macho zimepanuka, na alikuwa akizunguka zunguka stoo bila kupumzika, kisha ghafla anaanguka usingizini kama amekatwa umeme. Nilidhani ni uchovu wa kifafa. Nikamtoa damu nyingine ili tupime kama dawa inatosha mwilini. Kipimo hicho hakikuwepo Meru, ilibidi damu iende Nairobi ikiwa baridi, na mzee alinicheka nilipomwuliza atatafutaje gari. Damu ya Meneja ilisafiri kwa pikapu ya miraa, ndani ya barafu, na ilifika Nairobi haraka kuliko ambavyo ningefika mimi nikiwa mahututi.

Majibu yalirudi. Dawa ilikuwa tele katika damu. Kuipandisha zaidi kungeumiza ini. Nikaongeza dawa ya pili, ile ya watu inayopatikana kwenye duka la dawa la hospitali na inayotakiwa kutolewa mara tatu kwa siku. Mzee hakunung'unika hata kidogo. Nilimpigia Daktari Njagi, naye akanitahadharisha kwamba zile tembe za usingizi ambazo mbwa hupewa nisije nikampa paka kwa mdomo, maana huweza kuua ini lake. Nikasoma vitabu vyangu vya zamani na vingine vipya kwenye simu. Nilikuwa nikioga namfikiria Meneja. Nilikuwa ndani ya ng'ombe namfikiria Meneja.

Haikusaidia. Kifafa kilianza kuja mfululizo, kimoja kabla kingine hakijaisha vizuri. Kuna siku mzee alinipigia na safari hii sauti yake haikuvuka bonde lolote. Ilikuwa ndogo, kana kwamba kuna mtu amelala karibu.

"Daktari, mama amesema imetosha. Hii paka inateseka. Kuja na ile sindano ya mwisho."

Nilijua si mama aliyesema. Nilimwambia nitakwenda Jumamosi asubuhi. Nilikata simu, nikakaa ofisini nikalia kidogo, nami si mtu wa kulia. Nimeshuhudia ng'ombe wa mkopo wakifa. Lakini nilikuwa nimefika mwisho wa nilichokijua, na paka alikuwa bado kijana. Kazi hii ina siku ambazo unabeba dawa ya kuua kwenye mkoba ule ule wa dawa ya kuponya, na hakuna darasa linalokuzoesha. Nawaambia ili siku yenu ikifika msidhani ni ninyi tu.

Jumamosi nilimkuta Mzee Baariu amevaa suti. Suti ya harusi, na tai. Nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, kulikuwa na shimo lililochimbwa vizuri, kingo zimenyooka, kubwa la kumtosha ndama. Wazee wawili wa besi walikuwa wamekaa kwenye benchi, kofia mikononi. Mama Kathure alikuwa amepika chai na hakuniangalia usoni. Meneja alikuwa sebuleni juu ya mto wa mzee, ule wa kitandani, na mbele yake kulikuwa na sahani ya udongo ambayo naamini wageni wa kawaida hawapewi.

Nilifungua mkoba, nikatoa sindano na kuanza kuvuta dawa. Mzee aliniomba nisubiri kidogo. Alisema mgonjwa anamalizia chakula chake, na si vizuri mtu kuondoka na njaa. Nilikubali. Nilipiga magoti karibu na Meneja nimpapase. Ndani ya sahani kulikuwa na omena na mchuzi, na ndani ya mchuzi kulikuwa na kitu cha kijani kibichi kilichotwangwa laini.

Nikauliza ni mboga gani hiyo.

"Hiyo si mboga," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alijinyoosha. "Hiyo ni miraa ya mbaine. Ile miti ya babu yangu. Hiyo hatuuzi, Daktari. Hiyo hupewa wazee na mtu anayekuja kuomba msichana. Nimesema leo apewe ya heshima."

Wazee wa benchi, ambao walikuwa wakisikiliza kupitia dirishani, walitikisa vichwa kukubali.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, sindano mkononi. Nilimwuliza polepole kwa nini amesema leo. Je, siku nyingine Meneja alikuwa akipewa nini?

Mzee alinielewa vibaya. Alidhani namshutumu kwa ubahili. Uso wake ulibadilika, akawa mtu aliyetukanwa kwenye matanga.

"Siku zingine nilikuwa nampa kangeta, na kangeta ni miraa ya pesa," alisema. "Ncha laini, asubuhi na jioni. Sijawahi kumpa takataka. Mimi siwezi kumpa paka yangu takataka."

Mama Kathure aliweka birika chini. Sijui kama ni kwa sababu ya miraa au kwa sababu ya yale maneno mawili, paka yangu, ambayo hakuwa ameyasikia tangu Meneja aingie boma lile.

Niliondoa sahani kwanza. Halafu niliketi sakafuni kabisa, na tukaanza kuzungumza upya mimi na mzee, kama watu ambao ndio wamekutana. Ikatoka hivi. Nilipomwanzishia Meneja dawa, paka alilegea kama nilivyosema. Wazee pale besi walimtazama akisinzia juu ya kiroba, wakasema daktari amempa dawa kali, paka atakufa kwa usingizi. Na mtu mwenye usingizi hapa Mikinduri anafanywa nini? Madereva wanaopeleka mzigo Nairobi wanafanywa nini? Anapewa kidogo achangamke. Mzee akawa anatwanga ncha laini na kuchanganya na mchuzi wa omena, na Meneja, kwa ile njaa ya dawa, akala bila kuuliza. Akachangamka kweli. Akatembea, akafanya kazi, akakamata panya. Kisha akaanguka. Mimi nikapandisha dawa. Akasinzia zaidi. Mzee akapandisha miraa.

Tulikuwa watu wawili tukiendesha paka mmoja, mimi nimekanyaga breki, yeye amekanyaga mafuta, na kila mmoja akishangaa kwa nini gari linatetemeka.

Hakunificha kitu. Hilo nataka mlielewe, kwa sababu nyinyi vijana mna haraka ya kusema mwenye mnyama ni mwongo. Nilimwuliza mgonjwa anakula nini, akanitajia chakula. Nilimwuliza kama kuna dawa nyingine, akasema hapana. Miraa kwao si chakula na si dawa. Iko tu. Mzee hangefikiria kunitajia miraa, sawa na ambavyo hangenitajia kwamba paka anavuta hewa. Na mimi, Mmeru wa kuzaliwa, niliyekunywa chai katikati ya vibunda vya miraa siku zote nilizotembelea boma lile, sikuifikiria pia.

Mzee akauliza, akiangalia tai yake, kama basi ni yeye aliyekuwa akimwua.

Nilimwambia ndiyo, tulikuwa tukisaidiana. Na nikamwambia pia kwamba kama leo asingempa ile ya heshima, saa hii ningekuwa nimemaliza kazi na Meneja yuko shimoni. Nilirudisha sindano kwenye mkoba.

Jioni nilimpigia Daktari Njagi. Alicheka mpaka simu ikachukuliwa na mke wake, ambaye aliniuliza nimemwambia nini mume wake, maana anapumua vibaya. Aliporudi hewani alinikumbusha maneno yake, kisha akacheka tena.

Msidhani baada ya hapo Meneja alipona. Ningekuwa nawadanganya, na nyinyi mngeenda kuwadanganya watu wengine. Kifafa chake kilikuwepo kabla ya miraa na kilibaki baada yake. Tuliondoa miraa siku ile ile, lakini vidonge tulivishusha pole pole sana, hatua kwa hatua, kwa kupima damu, maana mwili uliozoea dawa nyingi ukinyimwa ghafla hulipiza. Ile dawa ya pili ilibaki. Badala ya kuanguka karibu kila siku, akawa anaanguka mara moja moja, na katikati anakuwa paka kamili, mnene, mwenye kiburi, anayelala kwenye mto usio wake. Kwa paka wa namna ile, huo ndio ushindi. Mwenye mnyama akikuuliza kama atapona, mwambie ukweli: hapana, lakini ataishi. Wengi wataukubali ukweli huo ukiwaambia umeketi, mlango umefungwa.

Jambo moja lilibaki, nalo lilikuwa gumu kwa mzee kuliko vidonge vyote. Nilimwambia kwamba Meneja asirudi besi. Pale kuna majani sakafuni, kuna ncha zilizodondoka, na kuna wazee wenye huruma. Kidonge cha jioni kitolewe nyumbani. Mama Kathure alionyesha mikono yake iliyokwaruzwa na kusema yeye hapana. Mzee alitazama huku na huku kutafuta mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

Kwenye lile shimo walipanda mgomba, nasikia unafanya vizuri.

Niliwatembelea tena nikiwa nimeshastaafu, nikipita kwenda kuona jamaa. Ilikuwa saa ile ambayo magari ya Nairobi yameshaondoka na wanaume wote wa Mikinduri wako nje. Mzee Baariu nilimkuta ndani, amevua viatu, taulo begani, bomba la sindano mkononi. Tulikunywa chai, tukapiga soga kuhusu bei na mvua. Meneja alikuwa juu ya kochi. Kisha nikaona anakodoa macho ukutani.

Sikuinuka. Mzee aliinuka kabla yangu. Alimshusha chini taratibu, akasukuma meza kwa mguu, akafunga pazia, akazima redio, akaangalia saa ya ukutani. Halafu yule mtu mpana alilala kifudifudi sakafuni, suruali yake safi juu ya saruji, kichwa karibu na cha paka lakini mikono akiwa nayo mwenyewe, kama nilivyomfundisha. Akawa anazungumza. Sauti ile ya kuita watu ng'ambo ilikuwa imeshuka, nikalazimika kuinama ili nisikie anachosema.

"Niko," alikuwa akisema. "Usiogope. Niko hapa. Siendi mahali."

Mama Kathure alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Alitazama kwa muda, kisha akaniambia, si kwa hasira wala kwa kunong'ona, bali kwa sauti ya kumfikia mzee:

"Mimi nimezaa watoto wote wa hii nyumba, na hiyo maneno ndio nasikia mara ya kwanza."

Mzee alisikia. Hakugeuka, kwa sababu Meneja alikuwa bado hajatulia. Lakini niliona mkono wake ukitoka ubavuni, ukipapasa sakafu upande wa pili, ukifagia vumbi kidogo, ukitengeneza mahali pa mtu kukaa. Mama Kathure aliutazama ule mkono. Akaweka kitambaa begani, akaenda akaketi.